MDA inatoka wapi hasa

Wengi wanadhani MDA, kile kimo cha chini kabisa rubani anachoruhusiwa kushukia kabla hajauona uwanja, kwenye chati ya aprochi (safari ya kukaribia kutua) mtu kaikadiria tu, hapana jamani, kuna hesabu pale. Wanachora eneo pande zote mbili za njia ya kushukia, wanatafuta kitu kirefu kuliko vyote humo ndani, iwe mnara wa simu, kilima au miti, halafu wanajumlisha futi 246, yaani mita 75, hiyo ni kanuni ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa aprochi isiyo na glaidi slopu (mawimbi ya redio yanayomwongoza rubani kwenye mteremko wa kushuka) lakini ina ile nukta ya kuanzia kushuka mwisho, kama nukta haipo inakuwa futi 295. Mnara ukifika futi 1,420 kutoka usawa wa bahari unapata 1,666, na ukizungusha namba unapandisha, hushushi.

Kinachonitisha mimi ni baridi. Hewa ikiwa baridi altimita, kipima kimo cha ndege, inakusomea juu kuliko ulipo, kama asilimia 4 ya kimo chako juu ya uwanja kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi chini ya joto la kawaida ambalo altimita imewekewa, na zile futi za usalama zinaliwa huzioni. Halafu MDA sio DA, kile kimo cha kuamua cha aprochi zenye glaidi slopu, ambako ndege inaweza kuzama kidogo wakati unaanza kupanda tena; kwenye MDA kama hujauona uwanja huzami hata futi moja.