Kuinuka kutoka gadi ya kukaa bila kukandamizwa: kilichonifanyia kazi

Kwa wenzangu wa jiu-jitsu ya Kibrazili hapa Arusha na Moshi, hasa mnaokandamizwa kila mkijaribu kuinuka.

Dalili: niko kwenye gadi ya kukaa, yaani nimeketi mkekani na mpinzani yuko mbele yangu; nashika mguu wake wa mbele, nainuka, yeye anatupa miguu nyuma na kunilalia mgongoni. Kuongeza kasi hakukusaidia. Kukumbatia miguu yote miwili ndiyo kabisa, shingo ilibaki wazi kwa kabali.

Dawa ilikuwa kumvuta kwanza. Shika mkono wake mmoja kwa mikono yako miwili, vuta kuelekea nyonga yako hadi apige hatua. Mguu ulioingia umebeba uzito, hawezi kuurusha nyuma papo hapo. Huo ndio wa kushika, nyuma ya goti. Kiganja kingine kiweke chini nyuma ya nyonga, nyanyua makalio, pitisha mguu wa chini hadi nyuma. Kichwa kiwe upande wa ndani, sikio likibana mbavu zake, macho mbele.

Halafu vidole vya mguu wa nyuma, ambavyo wengi hawaviangalii. Ukilaza unyayo, goti linakwama mkekani na msukumo hupati. Vikunje vishike mkeka, ndipo usimame. Kiangazi vumbi letu huufanya mkeka uteleze, kwa hiyo futa nyayo kwa kitambaa chenye maji kabla ya raundi.

Ukishasimama, bana mguu wake kati ya mapaja yako, rudi nyuma ukizunguka huku bega likikandamiza paja lake. Ataketi. Mdhibiti juu sekunde 3 upate alama 2.