Behewa la mbele

Treni itokayo stesheni ya uwanja wa ndege wa Birmingham kwenda Aberystwyth, mji wa pwani ya Wales, hukatwa vipande viwili ikiwa njiani. Dar es Salaam hakuna aliyenieleza hilo. Wakala aliyenishughulikia safari alichukua pesa yake, akanikabidhi karatasi nne, akasema, "Kaka, ukishapanda treni umefika." Sikufika.

Nilikuwa nakwenda kusomea uzamili wa siasa za kimataifa. Ufadhili ulilipa karo, basi. Viza, nauli ya ndege na ada ya huduma za afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka na hulipwa kwa mkupuo kabla hujaondoka kwenu, vyote vilikuwa juu yetu. Baba aliuza mpunga wa misimu miwili, mama akakopa kwenye vikoba. Ndiyo maana kila pauni niliyoitoa njiani iliniuma, na chai ya kikombe cha karatasi kwa pauni tatu, isiyo na iliki wala tangawizi, iliniuma zaidi.

Pale stesheni nilimuuliza mhudumu mara mbili nipande behewa lipi. Akanionyesha kwa kidole: mawili ya mbele. Nikaingia la mbele kabisa. Lakini reli za Shrewsbury, stesheni ya njiani, zimekaa kwa namna ambayo treni huingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia. Tulipoondoka pale, behewa langu la mbele lilikuwa limeshakuwa la nyuma. Walitangaza kwenye kipaza sauti, kwa Kiwelisi na kwa Kiingereza, ila mimi sikuwa nimefumba jicho tangu Doha, na usingizi ulikuwa umeshanibeba.

Treni hukatwa Machynlleth. Nusu hushika njia ya Aberystwyth, nusu huambaa na pwani kuelekea kaskazini, hadi Pwllheli. Nilipozinduka niliona maji mapana upande wa kushoto, nikafurahi, nikajua ndiyo bahari na ndiyo mwisho wa safari. Nikafungua ramani kwenye simu. Kile kidoti cha buluu kilikuwa ng'ambo ya maji. Aberystwyth ilikuwa upande wa pili, na tulikuwa tunazidi kuiacha.

Kondakta alipokuja alisema tiketi yangu haifiki huku, nilipe nyingine. Nikaanza kupiga hesabu ya noti zilizobaki. Mkabala nami alikaa bibi mmoja mwenye kikapu, nywele nyeupe pe, umri wa bibi yangu mzaa mama. Akamgeukia kondakta, akamwambia maneno kwa Kiwelisi, marefu na ya pole. Kondakta akarudisha mashine yake begani, akaniagiza nishuke Tywyn nisubiri treni ya kurudi.

Bibi naye alishuka Tywyn, maana ndiko kwake, dakika tano kwa mguu. Hakwenda. Alikaa nami kwenye benchi zaidi ya saa nzima, upepo wa bahari ukitupiga usoni. Alitoa kikapuni kitu kilichofungwa kwa kitambaa: bara brith, mkate wao wa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai. Akaukata kwa kisu kidogo chenye mpini wa mti, akapaka siagi mpaka kwenye kingo za kipande, akanipa mimi kwanza. Tangu nitoke kwetu Mahenge, mimi mtoto wa watu sikuwa nimekula kitu kilichoandaliwa kwa mkono wa mtu. Ulimi uliniwasha kumwamkia shikamoo.

Akaniuliza nakuja kusoma nini. Nilipomjibu, uso ukamchangamka kana kwamba nimemtajia jamaa yake. Akanisimulia habari za David Davies wa Llandinam, mjukuu wa tajiri wa makaa ya mawe, aliyepigana Ufaransa katika vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1919 yeye na dada zake wawili, Gwendoline na Margaret, walikipa chuo cha Aberystwyth pauni 20,000 kianzishe kiti cha profesa wa siasa za kimataifa, cha kwanza duniani, kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliouawa vitani.

Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Nilijua kwamba profesa wa kwanza alikuwa Alfred Zimmern, na kwamba kiti kilikuja kupewa jina la Woodrow Wilson, rais wa Marekani wakati wa vita ile. Nilijibia mtihani. Lakini niliyajua kama tarehe, na bibi huyu aliyasimulia kama msiba wa nyumbani. Mjomba wa mama yake hakurudi. Jina lake limechongwa kwenye jiwe la kijiji, na kila Novemba majina yote husomwa kwa sauti, moja baada ya jingine.

Kisha akaniuliza, "Vita ile ilifika kwenu?"

Nikamwambia ilifika, na kwamba ilipomalizika Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, kwetu haikuisha rasmi mpaka wiki mbili baadaye, Wajerumani walipoweka silaha chini Abercorn, Mbala ya sasa nchini Zambia, tarehe 25. Nikamweleza habari za Kariakoo: kwamba soko ninakonunua viatu na vitenge limeitwa hivyo kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza likawa letu. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Nikamweleza sanamu ya askari pale katikati ya jiji, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi yumo kwenye maandishi tu.

"Na majina yao," akauliza, "husomwa wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia lile moja ninalolijua. Baba wa babu yangu alichukuliwa Mahenge mwaka 1917, akatwishwa mzigo, akaondoka na msafara, asirudi. Mkewe alikataa matanga kwa sababu maiti hakuiona, na mpaka leo ukoo wetu haujamwekea matanga. Bibi akataka kujua jina. Nikalitaja. Akanitaka nilirudie mara tatu mpaka akalitamka sawasawa, kisha akachukua tiketi yangu na kuliandika nyuma kwa kalamu ya wino, herufi kubwa kubwa.

Aberystwyth niliingia usiku. Teksi ya kupanda kilima cha Penglais, kilipo chuo, ilinitoza pauni tisa kwa mwendo usiozidi ule wa Posta hadi Kariakoo. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za mvua, usajili na foleni.

Wiki ya nne tulipewa kusoma Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa; mkataba wa mwaka uleule 1919. Kifungu cha 22 ndicho kilichofungua njia ya Tanganyika kuwekwa chini ya udhamini wa Uingereza. Kinasema makoloni ya walioshindwa vitani yanakaliwa na watu wasioweza bado kusimama wenyewe. Nilikisoma maktabani nikiwa peke yangu, tiketi ya bibi ikiwa alama ya ukurasa. Hao ndio waliotwishwa ratili 50 na zaidi kichwani, wakavuka Rufiji na Ruvuma nyuma ya majeshi ya watu wengine. Hata mwaka haujapita tangu wautue mzigo, waliobaki wakaandikiwa kwamba hawawezi kusimama. Nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikatembea hadi ufukweni bila koti.

Kesho yake nilimwomba mwalimu nibadilishe mada ya tasnifu. Nikampigia baba, nikamwomba aende kwa shangazi mkubwa amuulize ni kina nani walioondoka na msafara ule. Jumapili akanitumia ujumbe wa sauti, jogoo wanawika nyuma yake. Shangazi amewakumbuka wanne. Watatu kwa majina yao, na mmoja kwa jina la ukoo tu.