Gede kwa siku moja kutoka Mombasa: mji wa kale unataka asubuhi nzima

Mabango ya safari za siku moja yaliyo Nyali na Bamburi huwa na orodha ndefu: magofu ya Gede, ghuba ya Mida, ufuo wa Watamu, nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi, chakula cha mchana, kisha kurudi kabla ya magharibi. Piga hesabu kabla hujalipa. Kutoka kisiwani Mombasa hadi Gede ni kilomita 100 na ushei kwa barabara ya Malindi, na kwa foleni za Mtwapa hesabu saa mbili hadi mbili na nusu. Kwenda na kurudi zimekwenda saa nne hadi tano. Ukiongeza chakula na mwendo wa kutoka kituo hadi kituo, Gede inabaki na dakika 45. Dakika 45 zinakufikisha Msikiti Mkuu na jumba la mtawala, unapiga picha, unageuka. Nyumba za mji, ambazo ndizo hasa za kuendewa, hutazifikia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuuzia safari ni hili: tutakuwa ndani ya magofu kwa muda gani? Akikwambia chini ya saa mbili, mwombe aondoe Malindi kwenye orodha. Malindi ina mambo yake na inastahili siku yake. Swali la pili: kiingilio kimo ndani ya bei, au kila mtu atajilipia mlangoni? La tatu: mwongozaji wa kutoka Mombasa ndiye atakayeeleza magofu, au tutachukua wa pale pale? Wa pale pale ni bora karibu kila mara. Anazunguka njia hizo kila siku, anajua mlango upi uliziba na upi ulielekea wapi. Yule wa kwenye gari kazi yake kubwa ni barabara na ratiba, na hilo si dogo. Kila mmoja anapaswa kuwa na kitambulisho cha leseni. Omba ukione bila haya, na tazama kama gari lina leseni ya kubeba abiria na mikanda kwenye kila kiti.

Ondokeni saa 12 asubuhi, saa 12 na nusu kwa kuchelewa kabisa. Sababu ni mbili. Mtwapa, ikishafika saa 1 na nusu, malori, matatu na boda boda hujazana na mwendo huwa wa kusukumana. Ya pili ni joto. Magofu yamo ndani ya msitu, na msitu wa pwani hauna upepo. Kufikia saa 5 hewa imesimama, mbu bado wapo kivulini, na watu wanaacha kusikiliza. Mkiingia saa 2 na nusu mnapata saa mbili nzuri za mwanga wa pembeni, ambao pia ndio unaoonyesha michoro ya ukutani. Jua la utosini huifuta.

Njiani kuna vitu viwili vya kutazama dirishani: mashamba ya katani ya Vipingo, na daraja la Kilifi, lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991. Baada ya Kilifi utaona msitu wa Arabuko-Sokoke ukiandamana na barabara. Ukiisha, umefika njia panda ya Gede, inayoelekea Watamu.

Mlangoni bei zimegawanywa: raia, wakazi, wageni, watoto. Raia asiye na kitambulisho anaweza kutozwa kama mgeni, kwa hiyo kila mtu mzima aje na chake. Eneo liko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na malipo ya taasisi za serikali yamehamia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, hivyo simu iwe na chaji na salio. Kundi la watu 20 likianza kulipa mmoja mmoja, nusu saa imepotea. Mwongozaji mzuri hukusanya fedha garini na kulipa mara moja.

Sasa mji wenyewe. Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwa jina la Gedi, lakini wenyeji na vibao vya barabarani husema Gede. Ni mji wa Waswahili uliochipuka kati ya karne ya 11 na ya 12, ukanawiri zaidi karne ya 15, na kufikia mwanzo wa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba kuanzia 1948, kazi ya takriban miaka kumi, na majina mengi utakayosikia pale yametokana na alichokiokota: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Hayo si majina ya wenyewe. Mwongozaji asiyelisema hili anakuacha uondoke ukidhani kulikuwa na familia ya Mkasi.

Karibu na mwanzo wa njia kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Simama hapo kidogo. Tarehe iliyoandikwa na watu wa mji wenyewe ni kitu adimu, na hiyo moja inashikilia sehemu kubwa ya historia yote utakayoelezwa. Karibu yake kuna kaburi la nguzo, mtindo wa makaburi wa pwani hii ambao utauona pia Mnarani, Kilifi.

Halafu, kabla ya kwenda kwenye majumba, omba mpelekwe visimani. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote. Mji uko kilomita 6 hivi kutoka baharini na kilomita 3 kutoka Mida, hauna mto, na bado misikiti, majumba na vyoo vyake vyote viliendeshwa kwa maji ya kuteka kwa mkono. Kando ya Msikiti Mkuu kuna kisima kirefu, na dalili kwamba kiliongezwa kina zinaonyesha maji yalikuwa yakishuka. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuhama. Nyingine ni Wazimba walioipiga pwani mwaka 1589, na baadaye mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini. Mwongozaji akikupa sababu moja tu kwa uhakika mkubwa, muulize hizo nyingine. Chungulia kisima ukiwa umesimama imara na umeshika mtoto mkono. Kingo ni za matumbawe na baada ya mvua huteleza.

Msikiti Mkuu una safu tatu za nguzo nene. Kwa kuwa safu ya kati imesimama sawa na mihirabu, waumini wengi waliokuwa nyuma hawakumwona imamu. Nguzo nyingi zilihitajika: paa zito la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Mihirabu iko upande wa kaskazini, kama misikiti yote ya pwani hii. Juu ya mlango mmoja kuna mkuki uliochongwa. Wengi huupita bila kuuona kwa sababu wanatazama mbele, si juu.

Boriti hizo hizo ndizo zinazoeleza nyumba. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au zaidi kidogo, kwa sababu hapo ndipo urefu salama wa mti wa mkoko unapoishia. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe atazitambua mara moja: kiwanda, yaani ua, mbele kilicho wazi kwa hewa na mwanga, msana mrefu, yaani ukumbi, na chumba cha ndani kabisa nyuma yake. Ukutani kuna vishimo vya kuwekea taa. Kuna choo chenye shimo na pembeni mahali pa maji ya kujisafishia, ndani ya nyumba, karne ya 15. Na katika baadhi ya nyumba, pamoja na jumba la mtawala, kuna chumba kidogo kisicho na mlango. Kuingia kwake ni kwa tundu lililo juu ukutani, kwa ngazi. Ndiyo hazina ya mwenye nyumba. Mwulize mwongozaji akuonyeshe tundu kwanza, kisha uhesabu mwenyewe vyumba, uone jinsi ilivyofichwa nyuma kabisa.

Upana huo wa vyumba ndio unaopanga pia ukubwa wa kundi. Watu sita wanatosha chumbani na wote wanaona. Watu 12 nusu yao wanabaki nje wakisikiliza sauti tu. Zaidi ya 15, gaweni makundi mawili yenye waongozaji wawili, moja lianze na jumba na jingine lianze na nyumba, mkutane msikitini. Shule zinazoleta wanafunzi 40 kwa mwongozaji mmoja zinawanyima watoto kilichowaleta.

Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: watu wengine waliishi wapi? Mji una kuta mbili. Ukuta wa ndani umezunguka msikiti, jumba na nyumba za mawe. Wa nje umezunguka eneo la takriban hekta 18, na kati ya kuta hizo mbili leo unaona msitu mtupu. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba za udongo na makuti, za watu walio wengi, na udongo hauachi magofu. Omba mtembee angalau dakika 15 kuelekea ukuta wa nje. Hamna cha kupiga picha, ila bila hapo utaondoka ukidhani Gede ulikuwa mji wa matajiri peke yao.

Jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2000, liacheni mwisho. Ukianza nalo, vyungu na shanga havina kwao. Ukija nalo baada ya kuona vyumba, kipande cha kaure ya China au ushanga wa Venisi unakuwa na nyumba kilikotoka. Vitu vingine vya Gede viko Fort Jesus, Mombasa, kwa hiyo anayekaa mjini anaweza kupita huko jioni moja kabla ya safari.

Vya kubeba: maji lita moja na nusu kwa kila mtu, viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza, dawa ya mbu, mkono mrefu mwepesi. Chakula kiacheni garini. Kima wa Gede wamezoea watu na watanyakua ndizi mkononi mwa mtoto, na mtoto akivuta, anakwaruzwa. Usiwalishe hata kidogo, maana kila anayewalisha anawafundisha kumvamia anayekuja kesho. Usipande kuta. Chokaa ya miaka 600 iliyopasuliwa na mizizi haishiki mguu, jiwe likitoka halirudishwi lilivyokuwa. Panapo ngazi na jukwaa la mbao la kutazamia mji kwa juu, tumieni hilo, watu wachache kwa zamu. Aprili na Mei mvua ndefu hufanya njia kuwa tope. Safari inawezekana, lakini ongeza nusu saa. Wenyeji wengi huamini mji una wazee wake wanaoulinda, basi sauti iwe ya chini na usiokote kitu, hata kigae.

Mkitoka saa 4 na nusu au 5, mradi wa Kipepeo uko pale pale langoni. Ulianza 1993: wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa hai (viwavi vilivyojifunga kabla ya kugeuka vipepeo) nje ya nchi, hivyo msitu unawaletea fedha ukiwa umesimama. Jua likiwa limepanda vipepeo wanaruka, asubuhi na mapema wametulia tu kwenye majani. Dakika 30 zinatosha.

Baada ya chakula Watamu, kama nguvu ipo, chagua kitu kimoja tu, nacho kiwe Mida, kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Utaona aina ya miti zilikotoka boriti ulizoelezwa asubuhi. Mwongozaji aangalie majira ya maji siku moja kabla. Maji yakipwa ndege hushuka kula kwenye matope, hasa kati ya Oktoba na Aprili wanapokuwapo wale wanaohama kutoka kaskazini. Maji yakijaa ndege wa kutazama huwa wachache.

Saa 9 alasiri muwe barabarani. Mkichelewa hadi saa 10 mtaikuta Mtwapa wakati watu wanatoka kazini, na saa moja nzima itaishia hapo. Anayekwenda peke yake apande matatu ya Mombasa–Malindi, amwambie makanga amshushe Gede, achukue boda boda ya dakika chache hadi langoni na mwongozaji wa pale pale. Wakati wa kurudi asimame upande wa pili wa barabara kuu kabla ya saa 10, maana magari yatokayo Malindi jioni hufika Gede yakiwa yamejaa.