Bili ya faranga 120 na mnara wa saa wa Bern

Bili imefika jana: faranga 120 za Uswisi, kwa daktari wa meno ambaye hata mdomo sikuufungua mbele yake. Pigeni wenyewe hesabu kwa shilingi, kisha mkumbuke ada ya mtoto wa dada yangu pale Tanga.

Ilikuwa hivi. Dada wa mapokezi alinitajia "nane" kwa Kijerumani kwenye simu, nikaandika 8 kwenye kalenda. Siku ilipofika nikaisoma ile 8 kama nilivyolelewa: saa nane mchana. Wao walikuwa wamenisubiri tangu saa mbili asubuhi. Nilieleza, nikaomba radhi, wapi; bili ya kukosa ahadi ikaja vilevile. Ndugu zangu mnaotaka kuja Uswisi, ahadi yoyote iandikeni kwa mtindo wa saa 24, na ukiona hutaweza kwenda, wapigie siku moja kabla. Hapa neno "nilipitiwa" halipunguzi hata senti.

Nilitoka nyumbani na hasira zangu, nikatembea mpaka Zytglogge, mnara wa saa. Miaka mitatu nimepita chini yake mbio kuwahi kazini. Jana nikasimama.

Bibi ninayemtunza ndiye aliyenisimulia habari zake. Ulijengwa mwaka 1220 hivi, ukiwa lango la magharibi la mji ulioanzishwa na mtawala Berthold V mwaka 1191. Mji ukatanuka, lango likabaki katikati, baadaye likawa gereza la wanawake. Moto mkubwa wa 1405 uliwakuta humo ndani, wakafa. Bibi alipofika hapo alinyamaza kidogo, nami sijaweza kuwasahau. Mnara ulipojengwa upya ndipo ukapewa saa, na kengele ya mwaka ule ule, kilo 1,400, ndiyo inayogongwa mpaka leo. Saa nyingine zote za mji zilirekebishwa kwa kufuata hii. Hata safari zilihesabiwa kuanzia hapo: mawe ya kando ya barabara yaliandikwa mwendo wa saa ngapi kufika Bern, kama wazee wetu wasivyotaja kilomita, bali mwendo wa kutwa au wa nusu siku.

Basi watu hawa wamelelewa na kengele zaidi ya miaka 600. Faranga zangu bado zinaniuma, lakini ukali wao nimeuona ulikotoka.

Halafu nikainua macho kwenye ile saa ya nyota, inayoonyesha mwendo wa jua na mwezi, chini ya saa kubwa. Mitambo yake ilitengenezwa na Kaspar Brunner, akaimaliza mwaka 1530. Kuna mistari ya dhahabu inayougawa mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, mafungu kumi na mawili. Jua likitoka, unaanza kuhesabu moja. Jamani, hiyo si saa yetu? Saa iliyoniponza kwa daktari imechorwa juu ya mnara wao, karibu miaka 500! Nilisimama pale mpaka shingo ikauma, na sikuona aibu tena kwa ile 8 yangu.

Dakika chache kabla ya saa kamili jogoo wa sanamu pale mnarani aliwika, sanamu za dubu wadogo zikazunguka, kisha sanamu ya mtu wa dhahabu kule juu ikagonga kengele. Nikarekodi, nikamtumia baba.

Bili nitailipa Ijumaa. Baba amejibu usiku kwa sauti, anataka kujua jogoo yule anawika alfajiri tu au vipi. Nimemwambia: kila saa, baba.