Kumbukumbu ya mradi: kufunga sepetu, shoka na jeki nje ya Land Rover ya mwaka 1974

Nimemaliza kufungua vishikizi vyote vya zamani vilivyokuwa kwenye Land Rover yangu, Series III ya inchi 109 (urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), na nilichokikuta chini yake kimenilazimisha kuianza kazi hii upya kabisa. Mwenye gari aliyenitangulia alifunga sepetu juu ya madigadi ya kushoto kwa vibano vya chuma cha kawaida, akavikaza kwa bolti moja kwa moja juu ya bodi. Rangi ilikuwa imevimba kando ya kila kibano, na nilipoikwangua kwa kisu ukamwagika unga mweupe. Tundu moja la bolti lilikuwa limeliwa hadi kidole changu cha mwisho kikapita.

Hapa Malindi huwa ninaambiwa kwamba gari hili haliozi kwa sababu bodi yake si ya chuma, na maneno hayo ni kweli nusu tu. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimekwisha karibuni, hivyo bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi, ikawekwa juu ya chasisi ya chuma. Mpangilio huo uliendelea hata kwenye Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, metali hizo mbili huwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Gari langu hulala karibu na ufuo, ambako kusi ikivuma vioo vya madirisha huamka na utando wa chumvi. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata nati moja, niliamua kwamba sitatoboa tundu jipya kwenye bodi, na kwamba popote chuma kitakapokalia alumini, lazima pawe na kitu kati yao.

Uamuzi huo ndio ulionichagulia mahali pa kila chombo. Madigadi niliiacha huru, nikaziba matundu yake kwa kipande cha alumini na ribiti za alumini. Sepetu na shoka nimezihamishia ubavuni mwa bodi ya nyuma, chini ya ukingo wa juu, ambao tangu kiwandani ni chuma kilichopakwa zinki na una nguvu kuliko bati jembamba lililo chini yake. Vishikizi vya juu vinabanwa na bolti zilezile zinazoshika fremu ya turubai, kwa hiyo hapo sikutoboa chochote. Kwa vishikizi vya chini nilitumia matundu mawili ya zamani yaliyokuwapo ubavuni tangu nilipolinunua gari. Vichwa vya sepetu na shoka vinaelekea nyuma, na mgongo wa sepetu unaangalia nje, kwa maana katika barabara zetu tuktuk na pikipiki hupita karibu mno na ubavu wa gari, na sitaki ncha yoyote imguse mtu goti. Shoka lina ala ya ngozi nzito ambayo haivuliwi mpaka lishikwe mkononi.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni hicho kitu cha kuweka kati. Nilianza na vipande vya tyubu ya gurudumu, kama wengi wafanyavyo. Baada ya wiki tatu nilifungua kimoja nikakuta mchanga na unyevu vimejibana chini ya mpira, na alumini imeanza kufifia. Nilimpelekea kishikizi hicho mzee mmoja fundi wa mashua, ambaye amejenga na kukarabati vyombo tangu ujana wake. Alikigeuza, akaniuliza, "Mwanangu, juu umeweka mpira, na tunduni je, umeweka nini?" Sikuwa nimeweka kitu. Akachukua msumari wa mashua, akauzungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta, akanionyesha jinsi wanavyofanya kabla ya kuupigilia, ili maji yasipate njia ya kuufuata ndani ya mbao. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu: nilikuwa nimekinga uso wa bodi, ilhali shina la bolti lilikuwa bado linagusa ukuta wa tundu, na mahali hapo pasipoonekana ndipo uozo unapoanzia.

Sasa kila bolti imevishwa mrija wa plastiki uliokatwa kwa urefu wa tundu, na pande zote mbili za bati ina washa pana za plastiki nilizozichonga kutoka katika ubao wa jikoni wa kukatia mboga. Ubao mmoja ulitosha gari zima, na plastiki hiyo hainywi maji. Kila kitu kilipakwa grisi kabla ya kukazwa. Bolti zenyewe ni za chuma kisichoshika kutu. Nazo huidhuru alumini zikiigusa, ila bolti ndogo kwenye bati pana huleta madhara machache kuliko kibano kikubwa cha chuma.

Jeki ndefu ina uzito wa kilo 13 hivi, na sikutaka bodi iubebe hata kidogo. Nimeilaza juu ya bampa ya mbele, ambayo ni chuma kitupu kilichofungwa kwenye chasisi, na nimeiweka juu badala ya mbele ili tundu la hendeli ya kuwashia injini lisizibwe. Pini za jeki ya aina hii hukwama zikiingia mchanga, na jeki iliyokwama ni mzigo tu, kwa hiyo fundi wa tanga amenishonea mfuko wa turubai unaofunika sehemu yote inayopanda, ukafungwa kwa mkanda na bizimu ya shaba. Kwa mipini nilijaribu kwanza mafuta ya nazi, lakini hayakauki. Vumbi liliganda juu yake. Mafuta ya kitani yamekauka vizuri baada ya kupakwa mara nne.

Jumamosi nilikwenda Marafa na kurudi, nikipita makusudi njia ya changarawe iliyojikunja kama bati la paa. Jeki haikusogea. Sepetu ilikuwa kimya kwenda, lakini wakati wa kurudi ikaanza kugonga, na niliposimama karibu na Mambrui nikakuta nati mbili za vishikizi vya chini zimelegea kwa mtikisiko. Jioni hiyohiyo nilizibadilisha zote kwa nati zenye pete ya nailoni ndani. Mpini wa shoka nao umeacha alama ndogo kwenye rangi, upana wa ukucha, kwa sababu kishikizi cha kati kiko karibu mno na bodi; nitakiinua kwa washa moja zaidi.

Bolti moja ya chini nimeitia alama ya rangi nyekundu. Hiyo nitaifungua mwisho wa Septemba, kusi ikimalizika, nichungulie ndani ya tundu.