Utando wa polima hauna haraka: nilivyoupima

Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba ugumu wa vesikeli za polima, yaani vifuko vidogo mno vya utando vilivyojaa maji, hupimwa kama wa vile vya lipidi (mafuta yanayojenga utando wa seli) tu: vuta utando kwa pipeti, yaani mrija mwembamba wa kioo, subiri sekunde chache, soma, ongeza mvuto. Wallahi waliosema hivyo hawajawahi kutazama ulimi, yaani kipande kilichovutwa, cha utando wa polibutadieni (ndiyo polima yangu) ukijikokota ndani ya kioo. Utando wenyewe una unene wa nanomita 8 hivi, kama mara mbili ya lipidi, na minyororo mirefu ya molekuli zake haipishani upesi. Mtafiti Dimova na wenzake walishaandika mwaka 2002 kwamba mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, unazidi wa lipidi mara mia kadhaa!

Kutengeneza vesikeli sisimulii, sukrosi ndani, glukosi nje, basi. Polima ni ghali, ila miligramu chache utazitumia mpaka uzichoke. Pipeti ipakwe albumini, aina ya protini, la sivyo utando unanata kwenye kioo na unachopima ni kunata huko.

Sasa utamu wenyewe. Kwa mwendo wa lipidi, ugumu wa kutanuka, yaani jinsi utando unavyokataa kuongezwa eneo, ulinitokea mkubwa mno, ilhali utando huu unajulikana kuwa na milinewtoni 100 hivi kwa mita, nusu ya lipidi au chini yake. Nikisubiri, ulimi unazidi kurefuka. Je, ni mnato, au chemba, kile chombo chenye vesikeli, inakauka, glukosi inakolea na kunyonya maji ya vesikeli? Vyote viwili hurefusha ulimi.

Dawa yake ni kupanda na kushuka. Nilipandisha mvuto ngazi kwa ngazi, nikauteremsha kwa ngazi zilezile, nikalinganisha urefu wa ulimi kwenye shinikizo lilelile. Ulimi unaochelewa kwa mnato huwa mfupi ukipandisha mvuto na mrefu ukiuteremsha, na ukivuta subira pengo kati ya urefu huo miwili linajifunga. Pengo la ukavu halijifungi ng'o. Ukisubiri ndiyo kwanza linapanuka. Langu lilikuwa na vyote viwili. Nikaziba mdomo wa chemba kwa mafuta, kila ngazi nikaiacha mpaka ulimi utulie kabisa, na mistari miwili ya grafu, wa kupanda na wa kushuka, ikalaliana. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Eneo la utando huu linaweza kuongezeka kwa karibu asilimia 20 kabla haujapasuka, wakati lipidi nyingi hukata tamaa kwenye 5 hivi. Ukikupasukia mapema, kagua mdomo wa pipeti kwanza. Wenye meno hautakuachia utando wowote mzima.