Mgeni Aelezwe Nyumba Kabla Hajaingia

Mwaka wa kwanza nilipoanza kupangisha nyumba ya marehemu baba hapa Raskazone, Tanga, nilimpokea mgeni kutoka Dar es Salaam aliyefika usiku na mkewe na watoto watatu. Walilala vizuri, wakaamka saa tatu asubuhi, akawavisha watoto nguo za kuogelea, akawaongoza hadi ufukweni, kisha akanipigia simu. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Dada, bahari imekwenda wapi?"

Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Sisi tuliozaliwa Tanga tunajua kwamba siku kama hizo maji hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi, matope na mizizi ya mikoko hubaki wazi, na ukitaka kuogelea usubiri karibu na saa kumi alasiri maji yanapojaa. Tofauti ya maji kupwa na kujaa katika bamvua hupita mita tatu, na kwenye ufuo ulio tambarare hiyo ni safari ndefu ya kutembea kwenye tope. Jambo hili nilikuwa nikilijua tangu utotoni, na kwa sababu hiyohiyo sikuwaza kamwe kwamba kuna mtu anayehitaji kuambiwa. Nilikuwa nimepiga picha za nyumba maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mawe, rangi ya samawati, mashua moja ikipita, na picha hizo ndizo zilizomtoa mtu yule Dar es Salaam.

Tangu siku hiyo nimewapokea wageni wengi, na nikiyapitia malalamiko yao naona kwamba machache yametokana na kitu kibovu, ilhali mengi yametokana na kitu ambacho sikukisema. Mgeni huvumilia mengi sana akiwa ameelezwa mapema. Aliyeambiwa kwamba chumba cha nyuma kina feni tu hulala humo bila neno, na aliyekigundua mwenyewe saa tano usiku mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukiwa umetulia na joto limekaa, hulala humo akiwa na kinyongo. Chumba ni kilekile.

Kwa hiyo sasa, kabla mgeni hajalipa, ninamtumia ujumbe mrefu, na sehemu yake ya kwanza ni maji ya bahari. Ninatazama mwezi, ninahesabu, kisha ninamwandikia saa za kuogelea kwa kila siku atakayokuwapo. Hesabu yenyewe si ngumu: kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo wiki moja baada ya bamvua, yanapokuwa maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, kujaa kunakuja karibu na saa nne asubuhi, na mwenye watoto hufurahi zaidi akija siku hizo. Wapo waliobadilisha tarehe zao baada ya kusoma ujumbe huo. Mwanzoni nilidhani nimejiharibia biashara, lakini haohao ndio waliorudi.

Wanaopangisha kupitia Airbnb, ule mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, watanielewa nikisema kwamba ukweli huu una hesabu yake pia. Mgeni hutoa nyota kwa nyumba nzima, kisha huulizwa mambo sita: usafi, usahihi wa maelezo, mapokezi, mawasiliano, mahali, na thamani ya fedha. Sisi Waswahili tukimpa mtu nyota nne kati ya tano tunaona tumemsifu, lakini kule mwenyeji anayetaka kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji bora hutakiwa kuwa na wastani wa 4.8, kwa hiyo nyota nne alizotoa mtu mwema kwa nia njema hukurudisha nyuma. Wewe na mgeni mna siku 14 za kuandikiana maoni, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wawili waandike au muda upite. Huwezi basi kungoja usome yake ndipo uamue utakavyojibu. Yanayorekebishika yarekebishwe mgeni angali ndani ya nyumba.

Na hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa mgeni mstaarabu hasemi. Mita yetu ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, ipo ukutani nyuma ya jiko, na zamani nilikuwa nikiacha uniti nilizodhani zinatosha. Wageni fulani waliwasha kiyoyozi cha chumba kikubwa usiku kucha huku dirisha likiwa wazi ili wasikie mawimbi, jambo ambalo siwezi kuwalaumu nalo, kwani mimi mwenyewe niliyasifu mawimbi hayo katika maelezo ya nyumba. Saa nane usiku uniti zikaisha. Wao wakadhani ni umeme wa mtaa mzima uliokatika, wakaona haya kuniamsha, wakakaa gizani wakipunga magazeti mpaka alfajiri, kisha wakaaga kwa tabasamu na kuniachia zawadi ya korosho. Niliyajua hayo wiki mbili baadaye nilipoyasoma pamoja na watu wengine wote.

Siku hizi ninanunua uniti kwa kipimo cha mtu anayelala na kiyoyozi, kisha ninaongeza nusu yake. Ndani ya mlango wa kabati la jikoni nimebandika karatasi yenye namba ya mita, maelezo ya kutofautisha umeme uliokwisha na umeme uliokatika mtaani (tazama taa ya jirani, basi), na namba yangu ya simu pamoja na maneno "piga saa yoyote". Imetokea mara tatu au nne nimeamshwa. Ninanunua kwa simu nikiwa kitandani, namsomea mgeni tarakimu 20 za tokeni, nne nne, naye anabonyeza huku akizirudia kwa sauti, kisha nasikia feni ikianza kuzunguka upande wa pili wa simu na watu wakicheka. Wageni wa namna hiyo huandika mambo mazuri sana.

Adui mwingine wa nyumba ya pwani ni chumvi. Upepo wa kusi ukianza kuvuma miezi ya Juni na Julai hewa hupoa na kila mtu hufurahi, isipokuwa bawaba, vitasa, misumari ya feni na koki za bafuni. Mama mzazi wa mgeni mmoja aliwahi kukwama bafuni kwa muda wa robo saa kwa sababu komeo la chuma lililoota kutu lilifungika na kukataa kufunguka. Fundi aliyeitwa alifika na bodaboda, akaling'oa kwa bisibisi na nyundo, mzee akatoka akiwa ametulia kuliko sisi sote, nikamwamkia "Shikamoo mama" kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana, naye akaitikia "Marahaba" na kuuliza kama chai bado ipo. Makomeo yote sasa ni ya shaba. Ni ghali, na nimeyalipia mara moja tu. Kila mwezi msaidizi wangu hupita na kitambaa chenye mafuta akigusa kila kitasa na kila bawaba, na simtanki hujazwa siku moja kabla ya mgeni kufika, si asubuhi ya siku yenyewe.

Shuka ni nyeupe, jozi tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko kabatini, moja iko kwenye kamba. Wakati wa masika hata jozi tatu hazitoshi, kwa kuwa nguo hazikauki, na godoro lisipoanikwa kila jua linapochomoza huanza kunuka ukungu. Miezi hiyo ya Machi hadi Mei nashusha bei bila kusubiri kuombwa, na ninamweleza mgeni sababu.

Kuna msikiti karibu na nyumba. Adhana ya alfajiri inasikika vizuri kabisa, na hilo nalo limo katika ujumbe, likiwa limeandikwa kama sehemu ya maelezo ya mtaa na wala si kama onyo. Mimi sioni kwamba mtaa wangu una kasoro ya kuombewa radhi. Hata hivyo anayetaka ukimya mpaka saa mbili asubuhi ana haki ya kujua kabla hajalipa.

Kuhusu chakula nitasema machache. Sipiki. Jirani yangu anakaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, nami namwomba mgeni aagize usiku na alipe huko huko, mkononi mwa jirani. Niliwahi kujaribu kupitisha fedha hizo kwangu ili nipate kidogo, ikaleta maneno, nikaacha. Mambo ya leseni ya biashara kutoka Halmashauri ya Jiji, namba ya mlipakodi, na kitabu cha wageni ambamo kila anayelala huandikwa, yashughulikiwe mwanzoni kabisa, kabla hata hujanunua mito. Nayataja kwa ufupi kwa sababu hayana ujanja.

Mji wetu umezoea kuitwa Waja Leo Waondoka Leo. Wengine hulisema jina hilo kwa mzaha, lakini kwa mwenye nyumba ya wageni ni hasara tupu, kwa kuwa mgeni wa usiku mmoja hufuliwa shuka zilezile, husafishiwa vyumba vilevile na kuelezwa LUKU ileile kama anayekaa wiki mbili. Kwa hiyo nimejifunza kuwatafutia wageni sababu za kukaa. Mapango ya Amboni yako kilomita zipatazo nane tu kaskazini mwa mji, njia ya Mombasa, na ninawaambia wavae viatu visivyoteleza na waende asubuhi. Kuna magofu ya Tongoni upande wa kusini, na anayependa miti na baridi ninamwelekeza Amani, kupitia Muheza. Mtu akiwa na mambo matatu ya kufanya huongeza siku mwenyewe. Tangu kazi za bomba la mafuta lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani hapa Tanga zianze, wapo pia wataalamu wanaotaka nyumba kwa mwezi mzima. Hao hawaniulizi habari za mapango. Wao huuliza kuhusu intaneti, mahali pa kuegesha gari, na nani atafua nguo zao za kazi, na kwa ajili yao nimeandika ujumbe wa pili, mfupi kuliko ule wa kwanza, usio na habari za bahari hata kidogo.

Yule mgeni wa matope, kwa wanaotaka kujua, nilimpelekea madafu matano na kumweleza mwezi unavyoyaongoza maji. Watoto wake walikuwa tayari wameshachafuka hadi kiunoni wakifukuza kaa, na walikataa kuondoka. Saa kumi jioni bahari ikarudi. Alinipa nyota nne, na kwenye maelezo akaandika kwamba mwenyeji ni mkarimu lakini angesema mapema. Picha ya ufuo mkavu, yenye matope, mikoko na kaa, sasa ni ya pili katika orodha ya picha za nyumba, mara tu baada ya ile yenye mashua.